Nyeri: Mji unaojenga ghorofa juu ya historia yake

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hawakusema, hata hivyo, mtu afanye nini anaporithi mila tatu au nne kwa mpigo, nyingine zake mwenyewe na nyingine za yule aliyemtawala, na zote zikawa zimejengwa kwa mawe katika ploti ambazo bei yake hupanda kila mwaka. Hilo ndilo fumbo linalomkabili mgeni anayezuru Nyeri, na ndilo linalowaumiza vichwa wenyeji wenyewe.

Nyeri iko yapata kilomita 150 kaskazini mwa Nairobi. Msafiri hupita Thika, Kenol, Sagana na Karatina, kisha pale Marua huiacha barabara kuu iendayo Nanyuki na kukata kushoto. Sehemu ya kutoka Kenol hadi Marua, ambayo ni kilomita 84, ilianza kupanuliwa mwaka 2020, na kwa familia ya Nairobi inayotafuta mahali pa kupeleka watoto Jumamosi, safari hii haihitaji maandalizi makubwa. Ukishakata kushoto, Mlima Kenya hubaki nyuma yako na milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare, hukukabili mbele. Mji umekaa katikati, penye hewa baridi na udongo mwekundu.

Jambo moja humshangaza mgeni. Kwa mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi mikoa ilipoachia nafasi kaunti mwaka 2013, Nyeri haina stesheni ya reli katikati yake. Reli iliyoelekea Nanyuki ilipita Kiganjo, kilomita chache nje ya mji. Huenda hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mji uendelee kuwa mdogo kwa muda mrefu, na mengi ya kale yakaponea. Lakini yaliyoponea kwa bahati hayana hakika ya kuponea tena.

Mji ulioanza kwa bunduki

Nyeri haikuanza kama soko wala kama kijiji kilichokua. Ilianza kama kambi ya jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1902, kikosi cha Waingereza ambacho miongoni mwa maafisa wake alikuwamo Richard Meinertzhagen wa King's African Rifles, kilipigana na watu wa Tetu waliokataa kutawaliwa. Baada ya mapigano hayo wageni walijenga ngome karibu na kilima cha Nyeri, na kandokando ya ngome hiyo ndipo mji ulipochipuka.

Waliofuata walikuwa wa kila aina. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia, waliokuwa wamefika Murang'a mwaka huo huo wa 1902, walisogea na kuweka makao Mathari. Wahindi walifungua maduka. Walowezi walifika na ng'ombe na mbegu za kahawa. Waswahili na askari wa kutoka sehemu mbalimbali, ambao walifuata misafara na jeshi, walijenga mtaa wao ambao hadi leo unaitwa Majengo, jina lile lile utakalolikuta katika miji mingi ya bara ya Kenya.

Kila kundi lilipewa upande wake. Utawala wa kikoloni haukutaka watu wachanganyike, na ramani ya mji ilichorwa hivyo. Mzungu alikaa penye miti na nafasi, Mhindi akakaa nyuma ya duka lake au katika mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waasia, na Mwafrika akawekwa mbali, ila saa za kazi. Kwa hiyo msomaji anapotembea Nyeri leo asidhani anaona majengo tu. Anaona jinsi watu walivyotengwa.

Hapa ndipo ugumu wa kuhifadhi unapoanzia. Ukimwambia mzee aliyekua wakati wa Hali ya Hatari kwamba jengo fulani la mkoloni lihifadhiwe kwa sababu ni zuri, huenda akakuuliza ni zuri kwa nani.

Makaburi yanayotunzwa

Mgeni akiuliza cha kutazama Nyeri, aghalabu ataelekezwa kwanza katika makaburi ya kanisa la Kianglikana la St. Peter's. Huko amezikwa Lord Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti duniani, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi pamechongwa duara lenye nukta katikati, ishara ambayo kila skauti huifahamu. Maana yake ni kwamba aliyeiacha amekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe, Olave, aliyefariki mwaka 1977, yamewekwa hapo pia. Kaburi hilo ni mojawapo ya kumbukumbu za kitaifa, na skauti kutoka nchi nyingi hulizuru kama hija.

Katika makaburi hayo hayo amelala Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba-marara wala watu huko India, ambaye alihamia Kenya mwaka 1947 na kufariki mwaka 1955.

Kutoka hapo msafiri huenda hoteli ya Outspan, iliyofunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wa Baden-Powell. Katika uwanja wa hoteli kuna nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Mzee wa skauti alijengewa nyumba hiyo mwaka 1938, na ndimo alimoishi siku zake za mwisho. Alipenda kuwaambia rafiki zake kwamba kadiri mtu anavyoikaribia Nyeri ndivyo anavyoikaribia raha. Corbett naye aliishi humo baadaye pamoja na dada yake.

Walker ndiye pia aliyejenga Treetops mwaka 1932, vyumba vilivyowekwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare ili wageni watazame ndovu na vifaru usiku. Ni huko Binti Mfalme Elizabeth alikolala usiku wa tarehe 5 Februari 1952. Babake, Mfalme George wa Sita, alifariki usiku huo huo, naye akashuka mtini akiwa malkia bila kujua. Dunia nzima inakijua kisa hicho. Wasichojua wengi ni kwamba Treetops ya siku hiyo haipo. Ilichomwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na nyingine ikajengwa mwaka 1957. Walioizuru baadaye walikuwa wakipigwa picha katika jengo ambalo malkia hakulala. Na hakuna aliyelalamika, maana wageni hufuata kisa kuliko mbao.

Ukienda Mathari utakuta kanisa lililojengwa mwaka 1952 kuwakumbuka Waitaliano waliofia Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa mateka. Kuna mabaki ya wanajeshi 676 yaliyohifadhiwa ukutani, na katikati yao kaburi la Amedeo, Mwanamfalme wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia katika Afrika Mashariki na ambaye alifariki mateka mjini Nairobi mwaka 1942. Ni mahali pa kimya, safi, pasipo na gugu.

Mpenzi msomaji, hebu zingatia jambo hilo. Kaburi la St. Peter's lina skauti wa kulitunza. Paxtu ina hoteli. Kanisa la Mathari lina Waitaliano wasiosahau watu wao. Kila kilichohifadhiwa vizuri Nyeri kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anajua kwa nini anakihifadhi.

Na ya wenyeji je?

Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri na kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipigwa risasi na kukamatwa huko Tetu. Alilazwa hospitali papa hapa Nyeri, na mwezi uliofuata akahukumiwa papa hapa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kosa lililompeleka kitanzini lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi aonyeshwe kaburi la mumewe ili amzike kwa heshima. Alifariki mwezi wa Mei 2023 bila kuonyeshwa.

Kwa hiyo katika mji huu, mgeni aliyekuja kupumzika uzeeni ana kaburi linalojulikana dunia nzima, na mwana wa hapa aliyenyongwa kwa kupigania ardhi ya hapa hana. Hilo si kosa la skauti. Lakini linaonyesha kwamba historia haijihifadhi. Huhifadhiwa na mwenye nguvu na nafasi, na asiye na nguvu hupotea, hata kama ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Hata hivyo, si kweli kwamba wenyeji hawana lao. Nenda Ruring'u, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Huko kuna jengo la mwaka 1924 ambalo lilikuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni. Ndani yake wazee waliamua kesi za mipaka ya mashamba, mbuzi, mahari na madeni kwa mujibu wa mila, chini ya jicho la mkoloni. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Nyeri. Halikubomolewa wala kufungwa kwa kufuli. Lilipewa kazi mpya inayofanana na ile ya kale, kwani zamani watu waliingia humo kusema yaliyotokea na kuamua ukweli, na wanafunzi huingia humo leo kwa sababu hiyo hiyo.

Uwanja wa Ruring'u nao una lake. Ni hapo ambapo, mwezi wa Desemba 1963 baada ya Uhuru, wapiganaji wa msituni walitoka na kuja kuweka silaha chini. Anayecheza mpira hapo leo anacheza mahali ambapo vita vilikomeshwa. Je, kocha amemwambia?

Majina ya mitaani pia ni hifadhi, tena hifadhi ya bei nafuu kuliko zote. Barabara ya Gakere inamkumbuka kiongozi wa Tetu aliyewapinga Waingereza mwaka 1902 na kupelekwa uhamishoni. Kimathi Way haihitaji maelezo. Na kituo cha magari kilichojengwa miaka ya karibuni mahali paitwapo Asian Quarters, yaani ule mtaa uliotengwa kwa Waasia, kimepewa jina la Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekaa msituni hadi Uhuru na kufariki mwezi wa Septemba 2023. Hapo maendeleo na historia vimekutana katika kibao kimoja. Mahali palipokuwa na mpaka wa rangi pamekuwa mahali pa kila mtu kupandia gari, chini ya jina la mpiganaji.

Maduka ya mawe

Basi tatizo liko wapi? Liko katika mitaa ya katikati ya mji, katika majengo ambayo hakuna mfalme aliyelala wala shujaa aliyehukumiwa. Ni yale maduka ya zamani ya Wahindi, yenye kuta nene za mawe, paa la mabati yaliyopakwa rangi mara nyingi hadi haijulikani rangi ya kwanza ilikuwa ipi, na baraza mbele lenye nguzo ambapo mpita njia hujikinga mvua. Nyuma kulikuwa na ua na vyumba vya familia. Mbele kulikuwa na cherehani ya fundi, magunia ya sukari, marobota ya vitambaa na taa za kandili.

Maduka haya ndiyo yaliyoulisha mji. Hapo ndipo mkulima wa Tetu au Mathira alipouza ngozi na kununua blanketi la kwanza, na mwalimu wa kwanza aliponunua baiskeli. Baada ya Uhuru mengi yalibadilisha mikono, na wafanyabiashara Waafrika wakaingia. Kwa hiyo duka moja linaweza kuwa na historia ya Mhindi aliyelijenga, ya fundi wa cherehani aliyekodi baraza lake, na ya familia ya Kikuyu iliyolinunua kwa mkopo na kusomesha watoto kwa mapato yake. Hakuna kibao kinachosema hayo.

Sasa tazama upande wa pili wa shilingi, tena kwa haki. Mwenye ploti ni mtu kama wewe. Ana duka moja la chini, wapangaji wawili na kodi ambayo haitoshi. Babake alifariki na kuacha warithi sita. Jirani yake amebomoa na kujenga ghorofa tano, na kila ghorofa imegawanywa vijiduka vidogo vya simu, nguo na saluni, na kila kijiduka kinalipa. Paa lake mwenyewe linavuja. Nyaya za umeme ni za enzi za mababu, na moto ukitokea hakuna atakayemwuliza kuhusu historia. Ukimwambia asibomoe kwa sababu baraza lake ni zuri, atakuuliza nani atalipa karo ya watoto wake.

Na kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, anayetafuta kachumba ka kutengenezea kompyuta, anaona ghorofa mpya kama mlango wa riziki. Ana haki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 759,164 katika Kaunti ya Nyeri. Watu hao hawawezi kuishi katika kadi ya posta.

Ushahidi wa jinsi mambo huenda upo. White Rhino ni hoteli iliyoanzishwa na walowezi, miongoni mwao Lord Cranworth na Berkeley Cole, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina limebaki, lakini jengo wanalolala wageni leo ni la kisasa. Mwenye biashara aligundua kwamba jina lina thamani hata kuta zikiondoka. Ni afadhali kuliko kupoteza vyote viwili, lakini mwanafunzi wa historia hawezi kugusa jina.

Sheria ipo, paa linavuja

Kenya si nchi isiyo na sheria katika jambo hili. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo au mahali kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa kumbukumbu, na likishatangazwa haliruhusiwi kubomolewa au kubadilishwa ovyo. Katiba ya mwaka 2010 nayo iligawa kazi. Kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zilibaki kwa serikali ya kitaifa, ilhali mipango ya miji na shughuli za utamaduni zikapewa kaunti. Kaunti pia ndiyo inayotoza kodi ya ploti.

Tatizo ni kwamba amri ya kutobomoa haizibi paa linalovuja. Mwenye jengo akikatazwa kubomoa na asisaidiwe kukarabati, huliacha. Mvua huingia, mchwa hula boriti, na baada ya miaka michache mkaguzi huja kusema jengo ni hatari. Hapo hubomolewa kwa ruhusa. Wanaojua mchezo huo huucheza kwa subira.

Tena yale maduka ya mawe si ya umuhimu wa kitaifa. Hakuna ofisa atakayetoka Nairobi kuja kutetea baraza la fundi cherehani. Ni watu wa Nyeri wenyewe watakaoamua.

Somo kutoka Unguja na Nairobi

Nyeri haiko peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Mtu angedhani heshima hiyo inatosha. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa linakarabatiwa, na watu wawili wakafa. Jumba maarufu kuliko yote ya Unguja, lenye jina katika kila kitabu cha watalii, liliangushwa na kuta zilizochoka. Hati ya dunia haikulizuia.

Papo hapo Unguja, jengo la kale la Mambo Msiige ufukweni lilipewa kazi nyingine. Liligeuzwa kuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Jengo limesimama, tena limeimarishwa. Lakini mabishano hayakukosa, kwani waliojali walisema kilichoongezwa kando yake kilikuwa kikubwa mno, na kwamba mwananchi wa kawaida sasa huliona kwa mbali. Kwa hiyo swali la pili hufuata la kwanza. Jengo likipata kazi, je, kazi hiyo ni ya nani?

Nairobi ina jibu lenye matumaini zaidi. Shirika la Book Bunk lilikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara kwa makubaliano na kaunti, mitaa ambayo watu wengi huipita bila kugeuza shingo. Hazikugeuzwa mikahawa ya watalii. Zilibaki maktaba, na watoto wa mtaa ndio wanaozijaza. Ukimwuliza mtoto wa Kaloleni kama jengo lile linafaa kuhifadhiwa, hatazungumza juu ya historia. Atakwambia ndimo anamofanyia kazi za shule.

Njia ya kurudi

Ukirudi Nairobi, usipite barabara ile ile. Shika njia ya Murang'a, mji ambao zamani uliitwa Fort Hall kwa jina la Francis Hall, ofisa Mwingereza aliyefia hapo mwaka 1901. Katika kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, kuna michoro mikubwa ukutani iliyochorwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba vyote vimewekwa katika nchi ya Waafrika, kati ya watu weusi na vilima vya hapa. Michoro hiyo imedumu kwa sababu kanisa halijaacha kuwa kanisa. Kila Jumapili kuna watu mbele yake.

Kisha fikiria Mukurwe wa Nyagathanga, katika kaunti hiyo hiyo ya Murang'a. Hapo, kwa mujibu wa masimulizi ya Wakikuyu, ndipo Gikuyu na Mumbi walipoishi na kuwazaa mabinti walioanzisha mbari. Pakawa na wazo la kuwavutia watalii kwa hoteli, ujenzi ukaanza miaka ya 1980, halafu ukakwama. Kuta zisizo na paa zilibaki hapo miaka na miaka, mahali patakatifu pakiwa na gofu lisilo la kale wala la kisasa. Hilo ni onyo kwa wale wanaodhani maendeleo ni saruji tu. Waliotaka kupauza mahali hapo kama bidhaa hawakupata fedha, na waliotaka kupaheshimu wakaachiwa taka.

Kanisa lilikuwa na kazi kabla ya kuwa turathi. Hoteli ilitafutiwa turathi kabla ya kuwa na kazi. Tofauti ni hiyo tu.

Nini kifanyike?

Mwandishi huyu haamini kwamba kila jiwe la kale lina haki ya kukaa. Mengine hayafai, na mengine yalijengwa kwa nia mbaya. Lakini kuna mambo ambayo mji kama Nyeri unaweza kuyafanya bila kumfukarisha mwenye ploti.

La kwanza ni kuhesabu. Kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, jengo lipigwe picha, lipimwe na kisa chake kiandikwe: nani alijenga, nani aliuza nini, nani aliishi nyuma. Hilo halimzuii mtu kujenga. Wanafunzi wa sekondari na vyuo wanaweza kulifanya wakati wa likizo, na makumbusho ya Ruring'u yapo ya kuhifadhia.

La pili ni kulinda uso. Duka la mawe lenye baraza linaweza kubakishiwa sehemu ya mbele, na ghorofa ikajengwa nyuma palipokuwa na ua. Mpita njia hubaki na kivuli chake, mwenye ploti hupata kodi yake. Si kila ploti inaruhusu hivyo, lakini nyingi ni ndefu.

La tatu ni kodi. Maadamu kaunti ndiyo inayotoza kodi ya ploti, inaweza kumpunguzia yule anayekarabati badala ya kubomoa. Huo si msaada wa bure. Mtu huyo anabeba mzigo wa wote, na si haki aubebe peke yake.

La nne ni mahali. Nyeri ina nafasi ya kukua upande wa Ruring'u, Skuta na King'ong'o. Ghorofa ndefu zikielekezwa huko, mitaa michache ya katikati inaweza kuachwa ipumue. Mji hauhitaji kuhifadhiwa wote. Mitaa miwili au mitatu iliyotunzwa vizuri inatosha kumfundisha mtoto alikotoka.

La tano, na ndilo kubwa, ni kuwauliza wenyewe. Majengo isiingie katika mipango kama mabanda ya kuondolewa tu, bali kama mtaa wa watu waliokuwa hapa tangu mji ulipokuwa kambi. Wauzaji wa sokoni, mafundi wa barazani na wazee waliokuwa vijijini wakati wa Hali ya Hatari ndio wanaojua ni mahali gani pakiondoka mji utakuwa umepoteza kitu. Wasipoulizwa, orodha ya turathi itakuwa ile ile ya siku zote: mzungu wa kaburini, malkia wa mtini na hoteli.

Kwa wazazi na wanafunzi

Mkienda Nyeri, nendeni kwa Baden-Powell. Hakuna ubaya. Aliwafundisha mamilioni ya vijana kuwasha moto na kuwasaidia majirani. Tazameni Paxtu, na mlione kanisa la Mathari. Lakini msiishie hapo. Pelekeni watoto Ruring'u katika mahakama ya kale, kisha wasimame chini ya kibao cha Muthoni wa Kirima na kuelezwa mwanamke huyo alikuwa nani. Halafu nunueni kitu, hata kama ni kifungo cha shati, katika duka moja la mawe ambalo bado linauza. Mteja ni mhifadhi kuliko kibao, kwani duka linalouza halibomolewi kwa urahisi.

Na mliozaliwa huko mkahamia mjini, mtakapokwenda nyumbani likizoni muulizeni guka au cucu swali moja tu: zamani, ulipokuja mjini, uliingia duka gani? Andikeni jibu. Mnaweza kukuta kwamba jengo hilo lingalipo, na kwamba mwenyewe anawaza kulibomoa mwaka ujao kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lina maana kwa mtu.